Kicheko cha Kashasha na Mafunzo ya Mshauri

Mnamo tarehe 30 Januari, 1962, wasichana watatu wa shule ya misheni ya Kashasha, yapata maili 25 kutoka Bukoba, walishikwa na kicheko kisichozuilika. Kufikia tarehe 18 Machi, siku shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Walicheka, wakalia, wakahangaika kwa hofu ya kufukuzwa; wengine walisema kuna vitu vinatembea kichwani. Walimu hawakupatwa hata mmoja. (Wanaoisimulia habari hii kama kichekesho hawajaisoma.)

Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, walioiandika mwaka 1963, hawakuona kijidudu wala sumu. Lakini wasichana walikwisha kurudishwa makwao, na katika Aprili na Mei watu 217 walipatwa huko Nshamba, nyumbani kwa baadhi yao. Shule ilifunguliwa tarehe 21 Mei, wakapatwa 57, ikafungwa tena. Yaelekea dawa yenyewe ndiyo iliyoubeba ugonjwa.

Aliyehitajika pale ni mshauri wa afya ya akili. Lakini mshauri aliyefunzwa wapi? Katika Marekani, kanuni za ithibati zinazofuatwa na vyuo vingi humtaka mwanafunzi wa shahada ya pili katika fani hii afanye saa 100 za mazoezi ya awali, kisha saa 600 za kazi chini ya msimamizi. Katika hizo 600, angalau 240 awe ana kwa ana na wenye shida. Hesabu hiyo ni ya busara, nayo inafaa kuigwa. Hata hivyo haisemi saa hizo zitumike wapi, na hapo ndipo penye uzito kwa Tanzania. Msomi aliyezimaliza zote jijini Dar es Salaam, kwa vitabu vya Kiingereza, atafanya nini msichana wa Muleba akimwambia kwa Kihaya kwamba kitu kinatembea kichwani? Je, ni malaria, au ni hofu ya mtihani iliyokosa jina? Swali hilo halijibiwi darasani. Nusu ya saa hizo, basi, itumike katika hospitali na shule za wilayani.

Watasema wasimamizi ni wachache. Ni kweli, lakini ni nafuu kumsafirisha msimamizi mmoja hadi Bukoba kila mwezi kuliko kuwaacha wanafunzi kumi wajifunze mahali pasipo wagonjwa wao. Wengine watasema mwalimu wa malezi anatosha. Huyo ni wa kwanza kuona dalili, na heshima hiyo apewe. Ila anayesahihisha mitihani na kushika fimbo ni vigumu aambiwe siri.