Mlango wa Mwenye Elimu Usifungwe

Kila mwaka vijana wengi wa vyuo vyetu vikuu hutakiwa, kabla ya kupewa shahada, kufanya uchunguzi juu ya jambo fulani na kuliandikia tasnifu. Kwa kazi hiyo vitabu peke yake mara nyingi havitoshi. Hapana budi mwanafunzi awaendee watu waijuao kazi yenyewe, kama vile bwana shamba, daktari, mhandisi, hakimu na mzee wa kijiji. Awaulize, na majibu yao ayaandike. Hapo ndipo mashaka yake yaanzapo.

Chuo humpa barua ya utambulisho. Akienda mikoani huipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha kwa yule wa Wilaya, kisha katani mpaka kijijini. Utaratibu huo una maana yake wala hatuupingi. Lakini mara nyingi barua hiyo, ijapokuwa ina mihuri yote, hufika mezani pa mtaalamu ikalala hapo. Leo mkubwa yuko mkutanoni, kesho amesafiri, keshokutwa hana nafasi. Siku huisha, nauli huisha, na kijana hurudi chuoni mikono mitupu. Ndipo wengine hushawishika kunakili kazi za watu, au, lililo baya zaidi, kutunga majibu ambayo hakuna mtu aliyeyatamka. Taifa litakalojenga mipango yake juu ya majibu ya kutunga limejenga juu ya mchanga.

Yafaa tukumbuke yaliyotendeka mwaka 1968. Wanafunzi wa historia wa chuo cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikwenda katika wilaya zilizopigana Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Mpaka hapo mengi yaliyoandikwa juu ya vita vile yalitoka katika kalamu ya Mjerumani, yaani yule aliyeshinda. Vijana wale waliwaendea wazee. Wazee wale hawakuitwa wataalamu, wala hawakuwa na ofisi wala karani wa kuzuia wageni mlangoni; lakini wao ndio waliokuwa mabingwa wa jambo hilo, nao walisema. Naye Gilbert Gwassa, mwanahistoria wa nchi hii, alikusanya maneno ya wazee wa Umatumbi. Kwa ushuhuda wa namna hiyo twajua leo jinsi watu walivyolazimishwa kulima pamba, jinsi Wamatumbi walivyoing'oa mwezi wa Julai 1905, na jinsi maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yalivyosambazwa.

Wakati ule vita vilikuwa vimepita miaka zaidi ya 60. Lau wazee wangalisema, “Njooni mwakani,” mwakani wengine wasingalikuwapo, na historia yetu ingalibaki mikononi mwa wageni. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Basi ikiwa mzee asiye na mshahara alitoa alichokijua, mtaalamu alipwaye kwa kodi ya wananchi atatoa udhuru gani? Chuo kile kilipofunguliwa mwaka 1961 nchi haikuwa na majengo ya chuo. Masomo yalianzia katika nyumba ya TANU, Mtaa wa Lumumba. Elimu iliyoanza hivyo si mali ya mtu binafsi. Tena Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imekwisha kumpa raia haki ya kuuliza. Siri za serikali na za wagonjwa zilindwe; na mtaalamu akisema, “Hili siruhusiwi kulijibu,” hilo nalo ni jibu. Kunyamaza siyo jibu.

Mwanafunzi naye ana wajibu. Asiende kuuliza mambo ambayo angeweza kuyasoma kitabuni. Apeleke maswali mapema, afike kwa saa aliyopewa, aombe ruhusa kabla ya kunasa sauti ya mtu, na jina la asiyetaka kutajwa alifiche. Zaidi ya yote, arudishe matunda ya kazi yake. Kumhoji mzee siku nzima, kisha asikusikie tena, ni kuchuma shamba la mtu bila kusema ahsante.

Kwa hiyo twashauri mambo mawili. Kila idara ya umma na iweke siku moja katika wiki, na ofisa mmoja ajulikanaye, kwa ajili ya wanafunzi wenye barua. Na kila chuo kipeleke nakala ya tasnifu katika wilaya ambako maneno yake yalikusanywa. Mambo hayo hayahitaji fedha nyingi, ila nia njema.

Kuuliza si ujinga. Aibu ni ya yule ajuaye, naye akamfungia mlango aulizaye.