Mti Mkavu Una Wenyewe

Naomba nafasi kidogo katika jarida letu niseme jambo lililonikaa moyoni tangu likizo iliyopita. Huenda wengine wakacheka, eti mwanafunzi mzima analilia ndege. Chekeni, lakini nisomeni hadi mwisho.

Kwetu ni karibu na Gede, ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Siku hiyo nilifuatana na nyanya kuokota kuni. Nasema kuokota, si kukata, kwani ndivyo alivyotulea: kuni ni zile zilizolala chini. Mimi nikaona uvivu wa kuinamainama. Mbele yangu palisimama mrihi mkavu, hauna hata jani, shina limeoza. Nikajiambia, "Huu si umekufa tayari? Nani ataulilia?" Nikautia panga.

Ulipoanguka ulipasuka palipokuwa na tundu. Ndani mlikuwa na mayai mawili meupe, yote yamevunjika. Punde akaja ndege, akajibandika kwenye mti wa pili, akawa analia. Nyanya hakunigombeza. Alisema tu, "Mjukuu wangu, mti mkavu una wenyewe." Tukajitwika mizigo, tukarudi nyumbani kimya.

Majuto ni mjukuu. Shule ilipofunguliwa nilimsimulia mwalimu wa Biolojia, naye akanifungulia kitabu cha ndege. Kumbe yule alikuwa kigong'ota wa Mombasa! Mgongo wake ni wa kijani wenye vidoadoa, kifua kina michirizi, na kisogoni ana wekundu. Huishi kuanzia kusini mwa Somalia hadi kaskazini mashariki mwa Tanzania, na kwingine duniani hayupo. Jamani, ndege ana jina la mji wetu, na wengi wetu hatumjui!

Hebu mtazame maumbile yake. Vidole vyake viwili huelekea mbele na viwili nyuma, ndiyo maana hung'ang'ania shina bila kuteleza. Mkia wake mgumu huuegemeza mtini kama mguu wa tatu wa kigoda. Ulimi nao ni mrefu ajabu, hata mifupa yake myembamba imezunguka nyuma ya fuvu la kichwa. Kwa ulimi huo huwatoa sisimizi katika nyufa za magamba, na sisimizi ndio chakula chake kikubwa.

Vigong'ota hawajengi kiota cha nyasi. Huchonga tundu kwa mdomo, na kuni iliyoanza kuoza ni rahisi kuchongeka kuliko mti mbichi. Wakishahama, tundu halibaki bure. Ndege wasioweza kuchonga huingia, mijusi huingia, hata nyuki. Kwa hivyo anayeangusha mti mkavu hakuangusha gogo tu, amebomoa nyumba ya kupanga yenye wapangaji wengi.

Najua wapo watakaoniuliza, "Sasa tupikie nini, manyoya?" Swali ni la haki. Nyanya yangu hana gesi, na hata githeri yetu hapa shuleni huiva kwa kuni. Simlaumu mama anayetafuta chakula cha watoto. Ninachopinga ni ile fikira kwamba kila kilichokauka hakina kazi. Arabuko-Sokoke una takriban kilomita mraba 420, na ndio msitu mkubwa kupita yote ya aina yake iliyosalia pwani ya Afrika Mashariki. Tukiumaliza huu, tutahamia upi?

Kwa maoni yangu, tuanze na mambo mawili. Kwanza, tuokote kilichoanguka na tuache kilichosimama. Pili, chama chetu kishirikiane na walimu tupande mivinje kando ya uwanja wa chini. Mvinje hukua upesi, na kuni zake huwaka vizuri. Tukipanda sasa, wadogo zetu watakaokuja watapikiwa kwa miti yetu wenyewe. Na asiseme mtu kwamba msitu uliosimama hauna faida. Tangu mwaka 1993, mradi wa Kipepeo pale Gede umewawezesha wakulima kufuga vipepeo na kuuza pupa ng'ambo. Wanapata pesa kwa sababu msitu upo.

Mayai yale mawili siwezi kuyarudisha. Lakini jirani na pale nilipokata upo mrihi mwingine mkavu, nao una tundu. Kila nikienda na nyanya huupita, nikainama chini kuokota vijiti kama alivyonifunza. Mgongo huniuma, lakini mti bado umesimama.



Mwanafunzi, Kidato cha Tatu