Picha na nambari yako kwenye tovuti ya kampuni: Je, bosi anahitaji ruhusa?

Wiki ya kwanza kazini, ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp la ofisi: tuma picha, majina kamili, nambari ya simu na tarehe ya kuzaliwa, vinaenda kwenye tovuti. Wengi hutuma fasta bila kuuliza. Nani atamkatalia bosi hata kabla ya mshahara wa kwanza?

Hapo ndipo penye shida. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa itolewe kwa hiari, kwa jambo mahususi, mhusika akijua data yake itatumikaje. Mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilipatikana ni wa kampuni. Kunyamaza kwenye kundi si kukubali.

Kampuni inaweza kujitetea kwamba mteja anahitaji kujua nani anashughulikia nini. Sawa. Lakini kwa hilo jina, cheo na simu ya ofisi vinatosha. Tarehe ya kuzaliwa inamsaidia mteja nini?

Nambari binafsi ni hatari zaidi, kwani kwa Wakenya wengi ndiyo pia akaunti ya M-Pesa. Tapeli akiipata pamoja na jina, cheo na tarehe ya kuzaliwa, ana pa kuanzia: atapiga simu akijifanya mhudumu wa benki, ama atamwandikia mhasibu akijifanya mkurugenzi.

Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data (ODPC) imeshaonyesha kwamba haitanii. Septemba 2023 iliitoza klabu moja ya burudani Nairobi faini ya Sh1.85 milioni kwa kuweka mitandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Shule moja nayo ilitozwa Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Kesi hizo hazikuhusu wafanyakazi, ila picha ya mfanyakazi nayo ni data yake.

Aliyekubali jana anaweza kuondoa ridhaa yake leo. Aliyeacha kazi na bado anatabasamu kwenye ukurasa wa "timu yetu" anaweza kuandika akitaka picha itolewe. Akipuuzwa, apeleke malalamiko ODPC, ambayo kisheria ina siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza.