Hata Sisi wa Maduka Madogo Tunazaa

Tumechoka kusikia likizo ya uzazi ikizungumzwa kama jambo la watu wengine. Sisi tunaouza kwenye maduka ya dawa Tandika, tunaosuka nywele saluni za Sinza, tunaokaa kaunta za vifaa vya umeme Kariakoo, tunaofundisha chekechea za watu binafsi kule Mwanjelwa, tunabeba mimba na kuzaa kama wanavyozaa wa benki na wa wizarani. Wao wakijifungua wanarudi kazini. Sisi tukijifungua tunaanza kutafuta kazi.

Na sheria ipo, tena haibagui ukubwa wa duka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 100 akijaliwa mapacha. Akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mapema mwaka 2025 Bunge likaongeza kwamba aliyejifungua mtoto njiti akae naye mpaka wiki 40 za ujauzito zitimie, na tuliposikia tulifurahi, maana tunawajua waliowaacha njiti wao kwa bibi wakakimbilia kazini. Kinachotakiwa ni uwe umetimiza miezi sita kazini na umpe mwajiri taarifa miezi mitatu kabla. Hakuna kifungu kinachosamehe duka lenye wafanyakazi watatu. Marekani sheria yao ya mwaka 1993 inawagusa waajiri wenye watu 50 na kuendelea, na likizo yenyewe haina malipo. Jimbo la California lilipoishusha idadi hiyo hadi watu 5, kuanzia Januari 2021, ulikuwa ushindi mkubwa kwa wafanyakazi wa huko. Sisi kwenye maandishi tulishashinda zamani.

Sasa njoo uone inavyokuwa. Tumbo likianza kuonekana, tajiri anakuita pembeni. Wengi wao si watu wabaya. "Mdogo wangu," anakwambia, "nenda kajifungue salama, ukipata nguvu tutaongea." Anakupa elfu hamsini ya nguo za mtoto, anakuombea kwa Mungu. Miezi mitatu baadaye unarudi na mtoto mgongoni, unamkuta binti mwingine kaunta, funguo za duka anazo yeye. Barua ya kuachishwa hupewi, kwa kuwa hata ya kuajiriwa hukuwahi kupewa. Ukitaka kwenda kulalamika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, una siku 30 tangu ulipoachishwa. Utazihesabu kuanzia lini, na hakuna aliyekutamkia kwamba umeachishwa? Zikihesabiwa tangu siku uliyoambiwa "nenda kajifungue", kwa wengi wetu zinaishia kitandani, mshono wa upasuaji haujakauka.

Wanaume nao wana lao. Sheria inawapa siku 3 mke akijifungua, na walau siku 4 mtoto akiugua au wakifiwa na mtoto, mke, mzazi, babu au ndugu wa tumbo moja. Fundi wa gereji analipwa kwa siku. Mke amepasuliwa usiku, asubuhi yeye yuko chini ya gari la mteja, simu mfukoni, anasubiri kuambiwa kama mtoto amenyonya. Siku 3 tu, na hizo nazo hazipati.

Tunazijua pia hesabu za tajiri, kwa sababu jioni sisi ndio tunaofunga hesabu. Mfanyakazi wa mshahara wa 200,000 akikaa nyumbani miezi mitatu ni 600,000, na anayeshika nafasi yake ni 600,000 nyingine. Kwa duka linalozungusha mtaji wa milioni nne, hilo ni pigo. Ndiyo maana anakwepa, na ndiyo maana wengine siku hizi wanaulizwa kabisa kwenye usaili kama wameolewa na kama wanatarajia kuzaa karibuni. Kumwachia mwenye duka dogo mzigo huo peke yake ni kumfundisha asituajiri.

NSSF wanalo fao la uzazi. Lakini ni la mwanachama, na wengi wetu hatujaandikishwa. Mchango wa asilimia 20 ya mshahara, hata ukigawanywa nusu kwa nusu, unamtisha tajiri, na tuseme kweli, unatutisha na sisi. Rwanda walipata njia. Tangu mwaka 2016 wana mfuko wa uzazi peke yake: mfanyakazi anachangia asilimia 0.3 ya mshahara na mwajiri asilimia 0.3. Mama akijifungua, mwajiri anamlipa wiki sita za kwanza, mfuko unalipa zilizobaki, na mwaka 2023 likizo ikafika wiki 14. Kwa mshahara wetu wa 200,000 hiyo ingekuwa shilingi 600 kwetu na 600 kwa tajiri kila mwezi. Rwanda si nchi tajiri kutuzidi. Waliamua tu kwamba mtoto wa muuza duka ni mtoto wa nchi pia.

Msituambie kwamba maduka madogo hayafikiki. Wa TRA tunawajua kwa sura. Wa leseni wa manispaa anakuja, na hakosei mlango. Wa kodi ya pango ndiye kabisa. Ambaye hatujawahi kumwona akiingia dukani kuuliza nani ana mkataba, nani ana mimba na atalipwa na nani, ni afisa kazi. Serikali inayojua kutufikia kwa kodi inaweza kutufikia kwa hili.

Kwa hiyo, waheshimiwa wabunge, tunataka mfuko wa uzazi wenye mchango mdogo ambao hata duka la watu wawili litaumudu, na mwenye duka aandikishe wafanyakazi wake siku ileile anapokwenda kuchukua leseni ya biashara. Haki tulipewa mwaka 2004. Waziri mwenye dhamana ya kazi atuambie lini zitaanza kutufikia.