Moto Ukija na Watoto Wako Shuleni

Akina mama wapenzi, mwezi huu tuzungumze juu ya moto wa msituni unaoingia mjini. Tarehe 3 Mei 2016 huko Fort McMurray, Kanada, watu zaidi ya 80,000 waliamriwa kuhama. Ilikuwa Jumanne mchana, baba kazini, watoto shuleni. Barabara kuu ya kutokea kusini ni moja tu. Wengine ilibidi wakimbilie kaskazini, kwenye kambi za wafanyakazi wa mafuta, na baadaye wakatolewa huko kwa ndege na misafara ya magari.

Majengo kama 2,400 yaliteketea. Lakini kinachotuumiza sisi ni ule mtihani wa mama: amfuate mtoto shuleni, au aamini kwamba mwalimu amekwisha kumwondoa? Saa ile si ya kuulizana. Kaeni na mzee wa nyumba leo jioni mpatane nani atawachukua watoto, na mtakutana kwa ndugu yupi nje ya mji iwapo simu hazishiki. Na baba akisema, “Tungoje kidogo tuone,” msikubali, moshi haungoji.

Vyeti vya kuzaliwa, hati ya nyumba na dawa za bibi vikae mfuko mmoja. Tieni na picha za marehemu (mabati hununuliwa, hizo hazinunuliwi). Wenyeji wa Fort McMurray walianza kurudi tarehe 1 Juni, karibu mwezi mzima, kwa hiyo nguo za watoto za siku mbili hazitoshi.