Dakika 30 za rufaa zina funzo kwa viongozi wa riadha

USIKU wa Agosti 5, 2024, Wakenya waliokuwa wakifuatilia Michezo ya Olimpiki ya Paris walishangilia, wakanuna, kisha wakashangilia tena. Beatrice Chebet alikuwa ameshinda dhahabu ya mbio za mita 5,000 kwa dakika 14:28.56, naye Faith Kipyegon akamfuata katika nafasi ya pili. Baadaye ikatangazwa kwamba Kipyegon ameondolewa kwa madai ya kumzuia Gudaf Tsegay wa Ethiopia walipokuwa wakisukumana. Nafasi ya pili ikamwendea Sifan Hassan wa Uholanzi.

Kenya ilikata rufaa. Suala hilo likachunguzwa upya na usiku huohuo Kipyegon akarejeshewa nishani yake ya fedha.

Wengi waliisherehekea nishani yenyewe. Hata hivyo, jinsi ilivyookolewa ndiko kwenye funzo. Kwa mujibu wa kanuni za riadha za kimataifa, anayetaka kukata rufaa ana dakika 30 pekee tangu uamuzi kutangazwa. Rufaa sharti iandikwe, itiwe sahihi na iambatane na amana ya dola 100 za Marekani. Wakati huo mwanariadha angali anatweta, jasho halijamkauka. Ni kiongozi wa timu anayepaswa kuijua kanuni, kuwa ameyaona mashindano kwa jicho kali, na kuamua bila kusubiri mkutano wala simu kutoka nyumbani.

Miaka minane kabla ya hapo, tuliuona upande wa pili wa sarafu. Mnamo Agosti 17, 2016, Ezekiel Kemboi alimaliza wa tatu katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji jijini Rio de Janeiro. Bingwa huyo wa Olimpiki wa 2004 na 2012 alitangaza kustaafu akiamini anaondoka na shaba. Ufaransa ikawasilisha malalamishi kwamba alikuwa ameukanyaga upande wa ndani wa njia ya mbio. Hatua moja tu, lakini ilitosha. Shaba ikamwendea Mahiedine Mekhissi aliyekuwa wa nne.

Mfaransa huyo naye alikuwa ameonja shubiri hiyohiyo. Katika mashindano ya Ulaya mjini Zurich mwaka wa 2014, Mekhissi alikuwa mbele kabisa kwenye mbio hizohizo akaivua fulana yake kwa furaha kabla ya kiunzi cha mwisho. Uhispania, ambayo mwanariadha wake alikuwa wa nne, ikalalamika. Dhahabu ikaenda kwa Mfaransa mwingine, Yoann Kowal.

Wapo watakaosema kwamba kosa ni la mkimbiaji, kiongozi analaumiwaje? Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Yapo makosa ambayo rufaa huweza kuyarekebisha, kama uamuzi uliomwangukia Kipyegon. Yapo pia ambayo hayana dawa baada ya kutendeka, kama hatua ile ya Kemboi. Ya kwanza yanahitaji kiongozi mwepesi wa kufikiri. Ya pili yanahitaji kocha aliyemkumbusha mwanariadha kanuni tangu mazoezini, hadi zikawa sehemu ya mwendo wake.

Aidha, kuna aina ya tatu, nayo ni makosa ya viongozi wenyewe. Mwaka huohuo wa 2016, Julius Yego alifika katika uwanja wa ndege jijini Nairobi tayari kwa safari ya Rio akakuta hana tikiti. Hatimaye alisafiri, akarusha mkuki umbali wa mita 88.24 na kuiletea Kenya nishani ya fedha, ya kwanza ya nchi hii kutoka fani za uwanjani katika Olimpiki. Je, tungemlaumu nani iwapo safari hiyo ingeharibika?

Ni kweli kwamba wakati mwingine bahati hutuokoa. Mnamo Desemba 2012 huko Burlada, Uhispania, Abel Mutai alipunguza kasi mita chache kabla ya utepe akidhani amemaliza. Mhispania Iván Fernández Anaya aliyekuwa nyuma yake alikataa kumpita, akamwelekeza asonge mbele hadi akashinda. Uungwana huo ni wa kusifiwa, lakini hauwezi kuwa mpango wa timu ya taifa. Wapinzani wengi hawangengoja.

Kwa hivyo, kabla ya kila mashindano makuu, kanuni zifundishwe kwa makocha na wanariadha pamoja, tena kwa lugha wanayoielewa vyema. Ijulikane mapema nani atatazama kila mbio, nani ataandika rufaa na nani ana amana mfukoni. Safari za ughaibuni ziwaendee wenye kazi ya kufanya, si wanaokwenda kutalii.

Mwanariadha hujinyima kwa miaka akiifukuzia siku moja. Siku tano baada ya kisa kile cha Paris, Kipyegon alirudi uwanjani akashinda mita 1,500 kwa rekodi ya Olimpiki ya dakika 3:51.29, dhahabu yake ya tatu mfululizo. Yeye alitimiza wajibu wake. Viongozi nao watimize wao, maana majuto ni mjukuu, na rufaa haingoji mjukuu azaliwe.