Moja kwa Nne ya Nini?

Bonasi ya majani chai inapolipwa, malori ya mchanga huongezeka katika njia ziendazo Nyamache. Ndipo wengi hupata uwezo wa kusakifu nyumba. Shangazi yangu, mjane, naye aliamua kuiaga sakafu ya udongo aliyoipaka samadi tangu aolewe.

Fundi alikitazama chumba, akatamka, "Mama, nunua mifuko minne ya saruji." Hakupima lolote. Haikupita miezi miwili kabla ya sakafu kuanza kumomonyoka. Kila ufagio ulipopita, uliondoka na mchanga.

Nilipomhoji, fundi alijibu kwa utulivu kwamba aliufuata uwiano uliomo vitabuni, yaani moja kwa nne: mfuko mmoja wa saruji kwa wilbaro nne za mchanga. Naamini hakuwa mwizi. Alikosea nomino.

Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, ilhali wilbaro ya kawaida huchukua takriban lita 65. Kwa hiyo alichokichanganya kilikuwa moja kwa saba na ushei. Vitabu hukusudia kipimo kile kile pande zote mbili. Laiti angeambiwa "mfuko mmoja kwa mifuko minne," upatanisho wa kisarufi ungemlinda. "Moja kwa nne" ni hesabu tupu, na masikio ya mwashi huisikia kama wilbaro, ambazo nazo huhesabiwa moja, mbili, tatu, nne. Vitabu vya ujenzi nilivyoviona katika vyuo vyetu vya ufundi ni vya Kiingereza, nayo kazi hufanywa kwa Ekegusii na Kiswahili. Kipimo hupotea njiani. (Hata neno sakafu lenyewe lilibadilika safarini: asili yake ni saqf ya Kiarabu, maana yake paa.)

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Chumba cha mita 5 kwa 4 kina eneo la mita 20 za mraba. Tabaka la sentimita 4 juu ya zege litajaza mita 0.8 za ujazo. Vitu vikavu husinyaa vikitiwa maji, kwa hivyo zidisha kwa 1.3, upate 1.04. Gawa kwa tano: sehemu moja ni saruji, yaani lita 208, ambazo ni mifuko 6. Sehemu nne zilizosalia ni mchanga, kama wilbaro 13 zilizosawazishwa. Kila sentimita inayoongezwa hula mfuko mmoja na nusu. Saruji ya niru haimo humo, na mchanga uliorowa huvimba, basi wakati wa mvua karai ijazwe kwa uangalifu.

Wenye nyumba nao hawana budi kudai hesabu hii kabla ya kwenda dukani: urefu, upana, unene, na jina la kipimo. Fundi asiyeweza kuitamka asikabidhiwe kazi. Nazo taasisi zinazowafunza waashi ziwape vijikaratasi vya Kiswahili vyenye nomino zake kamili.

Sakafu ya shangazi ilibomolewa ikamwagwa upya. Safari hii alikaa mlangoni na kibao cha mjukuu wake, akiandika chokaa moja kwa kila karai iliyoingia, ya saruji upande huu na ya mchanga upande ule. Mifuko sita ilitosha.